Kijiji kipi Ujerumani? Eifel, Frisia Kaskazini na Vogelsberg kwa mizani moja

Tangazo la nyumba linataja vyumba vitatu, bustani, mahali pa kuegesha gari na kilomita 14 hadi makao ya wazee utakakofanya kazi. Pango ni nafuu kuliko mjini. Jambo moja halitaji: je, kijiji chenyewe kinajitawala, au ni kitongoji cha manispaa iliyokimeza miaka hamsini iliyopita? Mgeni huona hayo ni mambo ya wanasheria, hadi usiku taa ya barabarani inapozimika mbele ya nyumba na hajui ampigie nani.

Swali hili linawahusu watu wengi zaidi wa Afrika Mashariki tangu Kenya na Ujerumani ziweke saini mkataba wa uhamiaji na ajira tarehe 13 Septemba 2024. Wauguzi na wanaosomea ufundi hawaendi Berlin na Hamburg peke yake. Hapa tunaweka kwenye mizani aina tatu za vijiji, kila moja kwa eneo lake halisi: kijiji ndani ya umoja wa vijiji (Verbandsgemeinde) huko Eifel, jimbo la Rheinland-Pfalz, kijiji chini ya Amt (ofisi ya pamoja ya vijiji kadhaa) huko Nordfriesland, yaani Frisia Kaskazini, jimbo la Schleswig-Holstein, na kitongoji (Ortsteil) cha manispaa moja kubwa huko Vogelsberg, jimbo la Hessen.

## Tunapima nini

Vipimo ni vinne. Kwanza, ardhi na historia: eneo likoje, na kwa nini utawala wake umekaa hivyo. Pili, dirisha la ofisi: makaratasi yako yanashughulikiwa wapi, na utafikaje. Tatu, nani anaamua, na wewe usiye raia una nafasi gani mbele yake. Nne, fedha: kodi, michango na mapato ya kijiji.

Tofauti hizi zipo kwa sababu Katiba ya 1949, ibara ya 28, inaipa kila manispaa (Gemeinde) haki ya kusimamia mambo ya mahali pake, lakini ukubwa na muundo wake huachiwa majimbo. Nchi nzima ina manispaa karibu 10,750. Rheinland-Pfalz, yenye watu milioni 4 na ushei, ina kama 2,300. Nordrhein-Westfalen, yenye milioni 18, ina 396 tu.

## Yaliyo sawa popote utakapokwenda

Tuyaondoe haya mapema ili yasikuchanganye. Ukihamia nyumba una wiki 2 za kuandikisha anwani. Unahitaji pasipoti na karatasi ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umeingia (Wohnungsgeberbestätigung). Mkataba wa pango hautoshi. Ukichelewa, faini inaweza kufika euro 1,000. Anayetoka nje ya nchi huenda mwenyewe ofisini, si kwa mtandao.

Baada ya kuandikishwa, namba yako ya kodi huja kwa posta, na hapo ndipo wengi hukwama: posta huangalia jina lililobandikwa kwenye sanduku la barua. Kama bado kuna jina la mpangaji aliyetoka, barua hurudi ilikotoka, na mwajiri asiye na namba yako anaweza kukukata kodi kwa daraja la VI, ambalo ndilo zito kuliko yote. Bandika jina siku unayopewa ufunguo.

Kibali cha ukaazi na usajili wa gari ni kazi ya wilaya (Landkreis) katika maeneo yote matatu. Takataka nazo kwa kawaida ni za wilaya. Kwa hiyo una ofisi mbili za kuhesabia umbali, siyo moja.

Kura nayo ni ileile. Serikali za mitaa huchaguliwa na Wajerumani na raia wa Umoja wa Ulaya. Schleswig-Holstein iliwahi kutunga sheria ya kuwapa baadhi ya wageni wengine kura hiyo, ila Mahakama ya Katiba ikaifuta tarehe 31 Oktoba 1990. Njia iliyobaki ni uraia, unaoweza kuombwa baada ya miaka 5 ukitimiza masharti. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haikulazimishi kuacha uraia wa awali. Kwa Mkenya hilo limekaa vizuri, maana Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Mtanzania bado atalazimika kuchagua.

## Kijiji ndani ya umoja: Eifel

Ardhi na historia. Eifel ya kusini ni nchi ya juu iliyokatwakatwa na mabonde ya mito Kyll, Nims na Prüm, ikipakana na Luxembourg upande wa magharibi. Juu kuna mashamba na malisho ya ng'ombe, kwenye miteremko misitu. Reli ya Köln hadi Trier hupita bonde la Kyll. Mafuriko ya Julai 2021 yaliiharibu, na mpaka leo anayekagua nyumba karibu na mto afadhali aulize maji yalifika usawa gani ukutani. Stesheni ya Bitburg yenyewe haiko mjini. Iko Erdorf, kwa hiyo safari ya treni huanza na kuisha na basi. Bila gari, utahesabu saa.

Mpangilio wa utawala ni mkongwe. Wafaransa, waliotawala ukingo wa kushoto wa Rhine hadi 1814, walikusanya vijiji kadhaa chini ya meya mmoja. Waprusi wakaendeleza mtindo huo kwa jina la Bürgermeisterei, mwaka 1927 ikawa Amt, na sheria ya 1968 ikaleta Verbandsgemeinde. Muda wote huo vijiji vyenyewe havikufutwa. Kilichohamishwa ni makaratasi. Ndiyo maana Dierfeld, yenye watu kama 10, ni manispaa kamili yenye meya wake.

Dirisha la ofisi. Umoja wa Bitburger Land uliundwa mwaka 2014 kwa kuunganisha Bitburg-Land na Kyllburg, na una vijiji zaidi ya 70. Ofisi yake iko Bitburg, mji ambao wenyewe si mwanachama wa umoja huo. Wilaya, Eifelkreis Bitburg-Prüm, nayo ina makao Bitburg. Kwa mkazi wa hapa ni bahati: anwani na kibali cha ukaazi unaweza kuvimaliza kwa safari moja ya asubuhi. Usichukulie kwamba Eifel yote iko hivyo. Pima kwa kila umoja.

Kosa la kawaida ni kumpelekea meya wa kijiji fomu ya anwani. Hana mhuri huo. Aliyekulia kijijini Tanzania ataelewa upesi: kuna mwenyekiti, na kuna mtendaji mwenye faili. Meya ni yule wa kwanza.

Nani anaamua. Meya wa kijiji (Ortsbürgermeister) hujitolea kwa posho, akiwa na kazi yake nyingine, na huchaguliwa na wananchi moja kwa moja kwa miaka 5 pamoja na baraza. Kijiji chenye watu hadi 300 kina madiwani 6. Cha 301 hadi 500 wako 8. Cha 501 hadi 1,000 wako 12. Baraza hilo huamua juu ya barabara za ndani, makaburi, ukumbi wa kijiji, viwanja vya kujenga na msitu. Umoja hushika maji, majitaka, zimamoto na mpango mkuu wa ardhi, na meya wake ni wa mshahara, huchaguliwa kwa miaka 8. Taa imezimika? Anza na meya wa kijiji. Bomba limepasuka? Usimsumbue, piga kwa idara ya maji.

Vikao vya baraza viko wazi, na kipindi cha maswali ni cha wakazi wote, wala si cha wapiga kura pekee. Kwa mgeni, huo ni mlango halali.

Fedha. Hapa ndipo pagumu. Kodi ya majengo hupatikana kwa kuzidisha kiwango cha msingi cha jengo na asilimia inayopangwa na kijiji (Hebesatz). Nyumba yenye kiwango cha msingi cha euro 60, kijiji kikipanga asilimia 465, hulipa euro 279 kwa mwaka; kijiji cha jirani kikipanga 600, nyumba ileile ingelipa 360. Mpangaji naye huilipa, imefichwa ndani ya gharama za ziada za pango.

Kwa nini 465? Tangu 2023 jimbo hulihesabia kila baraza kana kwamba linakusanya asilimia hiyo, lisipokusanya shauri yake. Kijiji kinachojifanya karimu hukatwa michango ya umoja na wilaya kwa fedha ambazo hakikuziingiza. Basi mabaraza mengi yakapandisha.

Mnunuzi wa nyumba aongeze swali moja. Rheinland-Pfalz ni kati ya majimbo machache ambayo bado yanawatoza wenye nyumba gharama za kukarabati barabara za ndani, na siku hizi karibu kote ni mchango wa kila mwaka badala ya bili moja kubwa. Mwenye nyumba hawezi kumtupia mpangaji mchango huo. Ukiuona kwenye hesabu yako ya mwaka, una haki ya kuukataa. Upande mtamu ni msitu: karibu nusu ya misitu ya jimbo ni mali ya manispaa, na vijiji vingi huwauzia wakazi kuni. Ila usifike na msumeno wa mashine bila cheti cha mafunzo.

Inamfaa nani. Mwenye gari, anayependa kumjua kiongozi wake kwa sura, na anayekubali kwamba mambo yatagawanyika kati ya mlango wa meya na dirisha la umoja.

## Kijiji chini ya Amt: Nordfriesland

Ardhi na historia. Pwani hii ni tambarare hadi macho yachoke. Karibu na bahari ni Marsch, udongo wa matope uliotwaliwa kutoka baharini na kuzungushiwa boma la udongo. Ndani zaidi ni Geest, yenye mchanga na mwinuko kidogo. Mafuriko ya 1362 na 1634 yalimeza nchi kavu, na yale ya pili ndiyo yaliyokivunja kisiwa cha Strand vipande. Visiwa vidogo visivyo na boma kamili, Hallig, hufunikwa na maji wakati wa dhoruba isipokuwa vichuguu vilivyojengwa na watu, ambako nyumba husimama. Mpaka na Denmark uliamuliwa kwa kura mwaka 1920, na shule za Wadenmark waliobaki upande huu zipo hadi leo. Vibao vya vijiji vingi vina jina la Kifrisia chini ya lile la Kijerumani.

Kwa usafiri kuna reli ya Hamburg hadi Westerland, inayosimama Husum, Niebüll na Klanxbüll. Kijiji kilicho jirani na vituo hivyo ni rahisi kuishi bila gari kuliko vingi vya Eifel. Upepo, hata hivyo, hauna likizo.

Dirisha la ofisi. Mageuzi yaliyokamilika karibu na 2008 yalitaka kila ofisi ihudumie watu wasiopungua 8,000. Amt Südtondern ilizaliwa hapo. Makao yake ni Niebüll, na ina manispaa 30. Lakini wilaya iko Husum, kilomita 40 hivi kusini. Kwa kibali cha ukaazi panga siku nzima, na ukumbuke kwamba njia hiyo ya reli ina sehemu ya mkondo mmoja kaskazini mwa Niebüll, ambako kuchelewa ni jambo la kawaida.

Nani anaamua. Tofauti na Eifel, meya hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Wananchi huchagua baraza, baraza hujichagulia meya miongoni mwake. Amt nayo huongozwa na kamati ambamo mameya wa vijiji huketi. Kwa sababu kamati hiyo haitokani na kura ya moja kwa moja, Mahakama ya Katiba ya jimbo iliamua tarehe 26 Februari 2010 kwamba Amt haiwezi kulimbikiziwa kazi za vijiji bila mwisho. Matokeo yake, kijiji cha hapa hubaki na mengi mkononi, zimamoto likiwemo. Vijana wanaojitolea wasipotosha, sheria inaruhusu kuwaita wakazi kwa lazima. List, kisiwani Sylt, iliwahi kufika huko.

Halafu kuna kijiji chenye watu 70 au pungufu. Hakina baraza kabisa: raia wote wenye haki ya kura hukutana na kuamua wenyewe. Gröde, Hallig yenye watu kama 10, ni mfano. Inasikika kama baraza la wazee chini ya mwembe, na kwa Mjerumani ndivyo. Kwako usiye raia sura ni nyingine: jirani zako wote wanainua mikono, wewe peke yako umekaa kama msikilizaji. Kabla ya kuhamia kijiji kidogo namna hiyo, jiulize kama utaweza kulivumilia hilo miaka mitano.

Fedha. Kila kijiji hupanga asilimia yake ya kodi ya majengo, kama Eifel, na hulipa mchango kwa Amt na kwa wilaya. Manispaa hazilazimiki tena kuwatoza wenye nyumba michango ya ukarabati wa barabara. Baadhi zimeiacha, baadhi hazijaiacha, kwa hiyo soma kanuni ya kijiji husika.

Mapato yanayobadili sura ya vijiji hapa ni mitambo ya upepo. Sheria ya nishati inawaruhusu waendeshaji kuzipa manispaa zilizo ndani ya mita 2,500 hadi senti 0.2 kwa kila kilowati-saa. Mtambo unaozalisha kilowati-saa milioni 10 kwa mwaka huleta hadi euro 20,000, na kijiji chenye watu 300 huzitia zote kwenye mfuko wake mwenyewe. Gharama ni kivuli kinachozunguka na mlio; kaa dakika ishirini uani kwa nyumba unayoikagua, siku yenye upepo.

Inamfaa nani. Anayefanya kazi kando ya reli, mwenye kujichanganya upesi na shughuli za kujitolea. Zimamoto haliulizi pasipoti, na ndilo kundi linalomgeuza mgeni kuwa mwenyeji kuliko kozi yoyote.

## Kitongoji cha manispaa moja: Vogelsberg

Ardhi na historia. Vogelsberg ni mlima wa volkano iliyozimika zamani, nchi ya mawe meusi ya basalti, kilele chake Taufstein kikifika mita 773. Vijiji vya juu, kama Herchenhain, hupata theluji ya kweli. Jukumu la kusafisha njia ya miguu mbele ya nyumba huwekwa kwa wakazi na kanuni ya manispaa, mara nyingi kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, na mkataba wa pango unaweza kukukabidhi wewe. Ukinunua gari lililotumika, kagua matairi: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 alama ya M+S (matope na theluji) pekee haitoshi tena kwa barabara zenye theluji, lazima pawe na ile ya mlima na kipande cha theluji.

Hessen ilifanya kinyume cha Rheinland-Pfalz. Kati ya 1969 na mwishoni mwa miaka ya 1970, manispaa zaidi ya 2,600 ziliunganishwa zikabaki mia nne na ushei, kwanza kwa hiari na kichocheo cha fedha, kisha kwa sheria. Si kila ndoa ilidumu: Gießen na Wetzlar ziliunganishwa mwaka 1977 kuwa mji wa Lahn, wakaachana 1979. (Bavaria ilikuwa kali zaidi. Kijiji cha Ermershausen kilikataa kumezwa hata polisi wakaingia ofisi yake mwaka 1978. Kilirudishiwa uhuru 1994.)

Dirisha la ofisi. Grebenhain ni manispaa yenye watu zaidi ya 4,000 waliotawanyika katika vitongoji vingi, Herchenhain na Ilbeshausen-Hochwaldhausen vikiwemo. Ofisi ni moja, kwenye kitongoji kikuu, na hushika karibu kila kitu: anwani, maji, chekechea, makaburi. Hakuna kuulizana hii ni ya nani. Wilaya ya Vogelsberg, iliyoundwa 1972, ina makao Lauterbach, kwenye reli ya Gießen hadi Fulda. Grebenhain haina tena treni, njia ya zamani imekuwa ya baiskeli.

Mtego mmoja wa anwani: vitongoji vilipounganishwa, majina ya mitaa mara nyingi yaligongana. Andika jina la kitongoji kwenye kila fomu, la sivyo barua itakwenda kwenye mtaa wa jina hilohilo, bonde la pili.

Nani anaamua. Baraza la manispaa nzima, na meya wa mshahara anayechaguliwa na wananchi kwa miaka 6. Meya wa Hessen haamui peke yake. Hukaa na jopo la wajumbe (Gemeindevorstand). Kitongoji kinaweza kuwa na kamati yake (Ortsbeirat) ya watu 3 hadi 9. Kamati hiyo lazima isikilizwe kwenye mambo makubwa yanayokihusu kitongoji, hasa bajeti, na inaweza kupendekeza. Neno la mwisho si lake. Ukumbi wa kitongoji ukivuja, utapanga foleni na kumbi za vitongoji vingine vyote.

Fedha. Asilimia ya kodi ni moja kwa manispaa nzima, na msingi wake hukokotolewa kwa mfumo wa Hessen wenyewe, unaotazama ukubwa wa kiwanja na jengo pamoja na mahali lilipo. Michango ya barabara ni hiari ya manispaa tangu 2018. Fedha za mitambo ya upepo zikija, huingia mfuko wa pamoja, hata kama mtambo unaonekana kutoka dirishani kwako tu.

Inamfaa nani. Asiye na muda wa kuzunguka, anayetaka ofisi moja yenye wafanyakazi wa kudumu, na asiyejali kwamba kijiji chake hakina sauti ya mwisho.

## Kwa hali yako

Ukiwa ndio kwanza umetua na kibali kifupi, pima umbali wa ofisi ya wilaya kuliko kitu kingine, kwa sababu utaifikia mara kwa mara. Bitburg ina faida hapo.

Bila leseni ya gari, tafuta stesheni kwanza, muundo wa utawala baadaye: Niebüll, Klanxbüll, au vijiji vya reli ya Lauterbach. Angalia ratiba ya Jumapili pamoja na basi la kwanza la asubuhi, maana zamu ya makao ya wazee huanza mapema.

Wenye watoto wadogo watazame jimbo zaidi ya kijiji. Rheinland-Pfalz haitozi ada ya chekechea kuanzia miaka 2. Hessen ni bure kwa muda usiozidi saa 6 kwa siku kuanzia miaka 3. Schleswig-Holstein hutoza, ila kwa kikomo cha sheria.

Anayenunua nyumba aombe mambo matatu kabla ya kwenda kwa mthibitishaji wa mikataba (Notar): asilimia ya sasa ya kodi, kanuni ya michango ya barabara, na kumbukumbu za vikao vya baraza vya mwaka uliopita. Huko ndiko barabara itakayochimbwa hutajwa mara ya kwanza.

Kama kazi yako iko Niedersachsen, Samtgemeinde inafanana na umoja wa Eifel. Verwaltungsgemeinschaft ya Bavaria na Thüringen iko karibu zaidi na Amt.

Na kama tangazo limekuacha gizani kabisa, tazama picha za barabara mtandaoni, tafuta kibao cha njano mwanzoni mwa kijiji. Chini ya jina kukiwa na mstari wa «Gemeinde» au «Stadt» fulani, kwa kawaida hicho ni kitongoji. Kukiwa na wilaya tu, au «Verbandsgemeinde», kijiji kina baraza lake, na meya ana namba ya simu.